Pikipiki Isiyopandwa na Mama Mkwe

Geita, 11 Februari 2024

Shemeji Davis,

Pokea salamu za huku. Sisi ni wazima, ila mvua imetushika vibaya. Maduara ya dhahabu yamejaa maji, wachimbaji wamekaa vibandani wanacheza karata, na mimi napika chakula kingi kuliko walaji. Nimesikia Violeth ameanza darasa la kwanza. Mwambie mama yake mkubwa anamsalimia, na asikubali kukaa dawati la nyuma. Msalimie Limi. Msalimie na Mama, ingawa najua wewe huwezi kumsalimia kwa kumtazama usoni. Pitishia kwa mkeo.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu umenifungia simu. Mtu mzima, baba wa mtoto, unafunga namba ya dada wa mkeo kama msichana aliyemsusia mchumba. Barua hii nampa Deusdedit, konda wa basi, ataiacha pale dukani Maganzo unaponunulia oili.

Jambo lenyewe ni hili. Limi ameniambia ile pikipiki yako kubwa, kruza, haipo. Alilisema harakaharaka, kama anaeleza kuku aliyekufa, kisha akakimbilia habari za mahindi. Nikamrudisha. Nikamuuliza, haipo vipi, imeibwa? Akasema hapana, mwenyewe ameipeleka mjini kwa Mohsin, yule muuza pikipiki, wakabadilishana na nyingine. Nikasema nitumie picha.

Davis, picha nimeiona. Mimi si mwanamke wa kudanganywa kwa pikipiki. Naendesha yangu kila siku kupeleka chakula machimboni, kwenye njia ambazo wewe ungeshuka ukasukuma. Nimeona siti ya nyuma imenyanyuka juu kama mkia wa jogoo. Nimeona masanduku mawili pembeni. Nimeona dereva anainama mbele, na wa nyuma hana pa kushika ila kiuno cha dereva. Sasa niambie mama yangu atakaa wapi.

Maana kruza ilikuwa yako, lakini siti yake ya nyuma ilikuwa ya Mama. Ilikuwa chini, pana, akikaa upande miguu pamoja, kitenge kimetulia. Ukamchomelea na chuma katikati, kati ya mgongo wako na yeye, ashike chuma asikushike wewe, kwa sababu mama mkwe hagusani na mkwewe. Nilikusifia kwa kile chuma. Nilisema Limi amepata mtu mwenye adabu. Leo nimeyala maneno yangu.

Unajua kliniki ya macho Kolandoto ni kila mwezi. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia daktari alisema presha yake isikose kupimwa wala dawa isikatike, la sivyo litalifuata lenzake. Bodaboda ilishamwangusha korongoni akavunjika mkono, akaapa hapandi tena. Gari la kukodi hataki, anasema hilo hubeba watu wanaokwenda kufa. Kwa miguu hadi kwenye lami hawezi, haoni mashimo. Marehemu baba yetu Stanslaus hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mimi na Limi. Ilibaki kruza. Nayo umeibadilisha ili upite Maganzo umeinama kama kijana anayefukuzwa.

Nijibu mwenyewe. Usimtume Limi.

Martina


Maganzo, 3 Machi 2024

Shemeji Martina,

Shikamoo. Umri ni umri, hata busara ikichelewa.

Hapa nyumbani hatujambo. Mahindi ya chini yamezama, ya juu yanapendeza. Violeth anakaa dawati la mbele kwa sababu ni mfupi, si kwa sababu ya maagizo yako. Limi anakusalimia. Mama naye amepokea salamu.

Namba yako niliifunga siku uliyoniita bwege mbele ya ukoo mzima, kwenye kundi la simu, hata wajomba wa Kahama wakasoma. Sitaifungua. Karatasi inakufaa zaidi, maana unapotafuta kalamu angalau tusi moja linakuponyoka.

Umeuliza habari za pikipiki, basi nikueleze kwa kuwa unajiita mjuzi. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kwa sasa makarasha yanayoniita yako Runzewe. Kruza ni pikipiki ya kutembelea. Unakaa umejinyoosha, miguu mbele, mikono juu, na uzito wote unashukia mwisho wa uti wa mgongo. Upepo unakupiga kifuani mchana kutwa kama mtu anayekusukuma utoke nyumbani kwake. Nikifika Runzewe nilikuwa nashuka kama mzee, nashika ukuta kwanza ndipo natembea.

Hii mpya wenyewe wanaiita spoti turing. Ina kioo cha upepo mbele. Magoti yanabana tangi, mwili unainama kidogo, uzito unagawanyika kati ya mikono, miguu na makalio. Kona unaiingia nayo inakutii. Masanduku unayoyacheka yanabeba spana zangu na mikanda ya makarasha bila kulowa. Nafika kazini nikiwa bado mtu. Kama kuna kosa hapo, nionyeshe.

Kuhusu Mama, sina la kusema. Yaliyoko huku yanajulikana na walioko huku.

Davis


Geita, 17 Machi 2024

Davis,

Salamu zangu ni kwa Limi na Violeth. Huku jua limerudi, maji yamepungua, watu wameanza kushuka tena. Nimepata homa nikapona bila msaada wa mtu wa Maganzo.

Umeniandikia ukurasa mzima wa makalio yako na mstari mmoja wa macho ya mama yangu. Nimeusoma mbele ya wanawake ninaopika nao, wamecheka mpaka moto ukazimika.

Februari hakwenda kliniki. Machi hii naona inakatika. Ile dawa ya matone imekwisha, au mnaichanganya na maji? Namuuliza Limi, anasema tutaona. Tutaona nini, na nani ataona? Wa kuona ndiye anayepofuka.

Nami nina macho mawili mazima, acha niseme ninachokiona. Mwanaume aliyezidi arobaini haachi pikipiki ya kifalme kwa ajili ya mgongo. Migongo inauma tangu enzi za babu zetu na walikwenda Mwanza kwa baiskeli. Mwanaume anabadili pikipiki kwa sababu kuna mahali anataka aonekane akiingia. Runzewe pana makarasha, sikatai. Pana pia wanawake wanaouza vinywaji kando ya makarasha, wanaopenda pikipiki inayong'aa. Wote nawajua, nimeuza chakula nao. Nikisikia jina nitakuja nalo mpaka mlangoni kwako.

Siti ya nyuma ni ya nani sasa, Davis? Si ya Mama. Limi anaogopa hata baiskeli. Mtu hanunui siti asiyokuwa na wa kuikalia.

Ukishindwa kumpeleka, nitaita ukoo. Tutakaa, tutakuuliza, na utajibu umesimama. Uliozeshwa binti wa nyumba isiyo na mvulana, ukaahidi utakuwa mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Nilikuwepo. Nilipiga vigelegele.

Martina


Runzewe, 28 Aprili 2024

Shemeji,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili. Kwanza shafti ya karasha moja ilikatika tukalala kazini. Pili sikutaka kujibu.

Mimi ni mzima, sijambo. Nyumbani nilikuwepo siku ya Pasaka. Tulikula wali na kuku, Violeth akaimba kanisani kwa sauti ya juu kuliko kwaya nzima. Limi ameanza kuanika michembe ya viazi, atakutumia furushi kwa Deusdedit.

Hakuna mwanamke Runzewe. Ningekuwa naye ningekuambia, nione utafanya nini. Ukoo uite. Nitasimama, nitaulizwa, na sitajibu. Nyuma ya pikipiki yangu hapakai mtu yeyote, uliza yeyote barabarani.

Na mimi nina swali. Mwanamke mwenye pikipiki yake, anayejisifu kupita njia za machimbo, anashindwaje kuja kumchukua mama yake akakae naye Geita? Kwako kuna hospitali. Kuna lami. Kuna vyumba, Limi ameona picha. Mimi ni mkwe. Wewe umenyonya kwake. Kila barua unaniuliza kwa nini simbebi, na hakuna hata moja uliyosema, nakuja.

Nitakusimulia kitu, kisha uninyamazie kama ninavyokunyamazia. Jumatatu ya Pasaka Limi aliingia ndani kwa Mama kupeleka uji. Mlango ulikuwa wazi, mwanga uko nyuma yake. Mama akainua uso akatazama kivuli, akadhani ni wewe. Akamwambia, "Martina, umekuja bila ng'ombe." Limi akasema ni mimi, Mama. Mama akaupokea uji.

Basi kabla hujaniita kwenye ukoo kwa ajili ya pikipiki, mwambie huyo Nkwabi unayeishi naye alete ng'ombe wa mahari wa watu. Wangu mimi niliwaswaga kwa fimbo mpaka zizini kwenu, na Mama aliwaita kwa majina.

Davis


Geita, 9 Mei 2024

Davis,

Ya ng'ombe hayakuhusu. Nkwabi hakuhusu. Aliyoniambia Mama siku naondoka aliniambia mimi, na kama Limi alikusimulia kitandani basi wote wawili hamna haya.

Siji kwa sababu ya biashara.

Michembe imefika. Nimempa jirani.

Martina


Geita, 30 Juni 2024

Davis,

Barua ya mwezi wa tano hukuijibu, na sikutegemea. Hii utaijibu.

Kwanza, huku wazima. Vumbi limeanza. Bei ya mchele imefanya kila mtu awe na hasira, ndiyo maana naandika nikiwa nimekaa, nimekunywa maji.

Juzi amekuja mwanamke mmoja anaitwa Scolastika, ametoka Maganzo kuuza mchele. Nimempangisha kwenye kibanda changu. Jioni tunachambua maharage, akaanza kuimba, mwenyewe tu, kama mtu anavyoimba kazini. Kwa Kisukuma. Nikasikia neno mkwe, nikasikia neno pikipiki. Nikamwambia rudia. Akacheka, akasema wewe hujui, huu wimbo ulivunja mbina, zile ngoma za mashindano, mwaka jana baada ya mavuno, Bagalu waliuimba mpaka wapinzani wao Bagika wakaomba maji. Akaurudia wote. Hakujua mimi ni nani.

Nauandika kwa Kiswahili, kwa Kisukuma ni mchafu zaidi.

Mama mkwe kapanda, mkwe kashika usukani,
kati yao kuna chuma, chuma cha heshima.
Enyi wa Maganzo, chuma huota kutu,
kikikatika korongoni, nani atamshika nani?

Anasema waliuimba na kuigiza. Kijana mmoja akajifunga kitenge, akakaa upande juu ya mgongo wa mwenzake, wakaruka matuta. Na watu wakawa wanageuka kutazama walipokaa wanawake wazima. Nikamuuliza, mwenye kuimbwa alikuwepo? Akasema alikuwepo, mama mmoja mwenye jicho bovu. Alikaa mpaka mwisho, kisha akaondoka peke yake akipapasa uzio.

Nilimalizia kuchambua maharage. Nimempigia Limi nikamuimbia mstari wa kwanza tu, akakata simu.

Mlikuwa mnajua nyote. Nakuuliza mara moja. Huo wimbo una uhusiano gani na kruza kwenda kwa Mohsin? Na usiniletee habari za mgongo.

Martina


Maganzo, 14 Julai 2024

Shemeji Martina,

Shikamoo. Nyumbani hali si nzuri sana, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Limi amelia kwa wimbo wako wa kwenye simu. Ameniambia nikuandikie, maana yeye aliapishwa asiseme. Mimi sikuapishwa. Mimi nilijua tu kwamba aibu ya mama mkwe haisemwi na mkwe, hata kwa dada wa mke. Ila wimbo umekufikia, sasa nitakuwa nalinda nini.

Baada ya ile mbina Mama alijikaza akapanda kruza miezi michache, mara ya mwisho Januari. Siku hiyo tulipopita kwenye kisima wanawake walinyamaza, halafu tukapita, halafu tukasikia kicheko. Alishika kile chuma mpaka Kolandoto. Tuliporudi alimwita Limi ndani. Akamwambia, mwambie mumeo hiyo pikipiki nisiione tena hapa. Limi akasema, Mama, na jicho? Akasema jicho ni langu. Akasema, "Nitakaa gizani nyumbani kwangu, siwezi kuimbwa nikiwa naona."

Nikaona akisema hapandi huku pikipiki imesimama uani, kila mtu angemsukuma. Padri angekuja, majirani wangekuja, wewe ungepiga simu, mbona pikipiki ipo, panda tu. Ingebidi awaeleze kwa nini, na kueleza ni kuuimba ule wimbo kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini pikipiki isipokuwepo, hakuna swali kwake. Swali linabaki kwangu. Maganzo nzima inasema Davis kajinunulia pikipiki ya kujishaua kamwacha mkwewe. Hata wewe ulisema, na ya kwako ndiyo yalikuwa makali kuliko yote. Nilikuacha useme. Mama alikuwa anasomewa na Limi barua zako, na najua zilimtuliza, maana hakuna hata moja iliyomuuliza yeye.

Usinifanye mtakatifu. Kama ni jicho tu ningenunua bajaji, ningekaa mbele peke yangu na yeye nyuma kama abiria. Niliifikiria. Nikaingia kwa Mohsin nimefikiria bajaji, nikaiona hii. Niliitaka. Mgongo wangu unaniuma kweli, na nimechoka kuwa mtoto wa kiume wa nyumba ambayo ina mtoto wake mkubwa. Sijutii na sikuombi radhi.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Mama alimwaga uji wa moto akidhani bakuli liko mezani. Amepoteza pembeni kote, anaona kama anachungulia tundu la ufunguo. Mbina zinaanza tena mwezi ujao.

Pikipiki hii ulisema kweli, wa nyuma hana pa kushika ila dereva. Mimi hawezi kunishika. Limi hawezi kuendesha. Hiyo yako ndogo ni kama ile iliyomwangusha, hataikubali. Hii imekaa imara, haiyumbi, na ukubwa wake hauwezi kukushinda wewe unayejua njia za machimbo. Mtoto wake wa kumzaa anaweza kumkumbatia mchana kweupe mbele ya Bagalu na Bagika, na hakuna mtunzi atakayepata mstari.

Ufunguo nimempa Limi. Nakwenda Runzewe kwa basi na nitakaa huko. Njoo na ng'ombe au njoo bila ng'ombe. Usipokuja, usiniandikie tena habari za siti.

Davis


Geita, 11 Agosti 2024

Davis,

Salamu. Nyumbani kwako niliwaacha wazima. Violeth amepoteza jino na ananipigia kelele kwamba hilo jino nimelilipia kidogo. Limi amenenepa au ana habari, muulize mwenyewe.

Nilifika Alhamisi, nikakaa nje kwenye kigoda mpaka Mama akatoka. Nilisema shikamoo, Mayu. Akanitazama kwa lile tundu lake alilobakiwa nalo, akageuza kichwa huku na huku akinitafuta, akasema marahaba. Hakusema karibu. Akarudi ndani. Nilitaka kuondoka palepale, na ningeondoka kama basi lingekuwepo.

Limi ndiye aliyeingia kumwambia ninachotaka. Nilisikia ugomvi mrefu, sauti ya Mama tu. Asubuhi akatoka amevaa suruali ya marehemu Baba chini ya kitenge, ile ya kaki, ameifunga kwa kamba kiunoni. Sijui aliitunza wapi miaka yote hiyo. Akasema iko wapi.

Pikipiki yako iko juu mno. Nilisema tangu mwanzo. Tulipindua kinu tukakiweka ubavuni, akapanda juu ya kinu, Limi anamshika mkono, akavusha mguu juu ya yale masanduku ya kipuuzi. Kufikia hapo uzio ulikuwa umejaa watu. Sijui wametokea wapi, wanawake wa kisimani, vijana wa ngoma, wengine wamekaa kabisa kama wamekuja mkutanoni. Nilihisi mikono yake imebaki hewani. Alizoea chuma, anatafuta chuma.

Kijana mmoja akaanza kuguna ule wimbo. Ule mwanzo tu.

Mama akanishika. Akanizungushia mikono miwili tumboni akaifunga, akaweka shavu mgongoni kwangu, halafu akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo, "Imba. Huyu nimemzaa, namshika ninapotaka." Yule kijana akatazama chini. Nikawasha.

Hakuachia njia nzima mpaka Kolandoto, hata kwenye lami tulipokwenda polepole, hata tuliposimama kupisha ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wengi, walipita taratibu sana. Najua aliwasikia. Nilimsubiri aseme, hakusema, na mimi sikusema, ila nililia ndani ya helmeti yako, kwa hiyo ukikuta inanuka usiulize.

Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Miezi hii ndiyo iliyokula. Kilichobaki kinaweza kubaki asipokosa dawa na kliniki. Anaona uso wa mtu akiwa mbele yake kabisa. Alinitazama hivyo pale benchi tukisubiri dirisha la dawa, karibu sana, kama anasoma. Akasema nimekonda.

Kwa hiyo mimi na wewe bado. Umekaa na siri yako ukijiona una adabu huku pembe za jicho la mama yangu zinazimika moja moja. Heshima yako imemgharimu yeye. Ungeniandikia mstari mmoja mwezi wa pili, ningekuja mwezi wa pili. Utasema nisingekuja. Hatutajua sasa, na hilo sikusamehe. Mimi na hasira yangu kwa Mama juu ya Nkwabi nimemgharimu vilevile, lakini hiyo nitaizungumza naye, si na wewe.

Usukani wako unavuta kulia kidogo. Umeanguka nayo na hujasema. Breki ya nyuma ni nzuri. Kwenye kona, sitakuficha, inatii.

Kliniki ni kila mwezi na nitakuja kila mwezi. Tangi liwe limejaa, wewe uwe Runzewe. Na Limi asikirudishe kinu jikoni, akiache hapohapo mlangoni.

Martina